Zote Mbili au Hakuna: Tunamkumbuka Mpiga Picha Kuang Suzhen

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Aliye jikoni apunguze moto. Aliye barabarani asogee pembeni kidogo. Leo tunamkumbuka mtu wetu.

Kuang Suzhen amefariki dunia. Amefariki Jumanne iliyopita, hapa hapa Baishigou, akiwa na miaka sabini na miwili. Alikuwa mpiga picha. Wengi wenu mlimwita Fundi Kuang. Wengine mlimwita Bibi Picha Mbili, na alijua mnamwita hivyo, na hakukasirika.

Picha mbili. Shikeni hilo, maana ndilo maisha yake. Kila aliyesimama mbele ya kamera ya Fundi Kuang alipigwa picha mbili. Moja akiwa kazini, na nguo zake za kazi na jasho lake. Nyingine akiwa yule aliyetamani kuwa. Ukubwa mmoja, fremu za aina moja, ukutani bega kwa bega. Walikuja watu wazito wakataka moja tu. Aliwakatalia. Tutafika huko.

Alizaliwa mwaka 1951. Baba yake alikuwa mgawa taa mgodini, yule anayekupa taa ukishuka na kuipokea ukipanda. Mama yake alifua nguo za wachimbaji, na wale mliozifua mnajua maji yake yanavyokuwa. Alipofika miaka kumi na saba Suzhen akaajiriwa kwenye studio ya picha ya mji, ile iliyokuwa karibu na stesheni. Hakupewa kamera. Alipewa brashi. Siku zile picha zilikuwa nyeusi na nyeupe, na kazi yake ilikuwa kuzipaka rangi kwa mkono. Midomo, nguo, mashavu. Bosi wake, Mzee Yin, hakuwa na maneno mengi. "Mashavu mekundu, macho maangavu, lipa, nenda," alikuwa akisema. Watu wote wa Baishigou wakatoka na mashavu ya matofaa, hata wale waliokuwa hawajala.

Sasa sikilizeni hili, maana ndipo lilipoanzia.

Mwaka 1973 aliingia mjane mmoja, Mama Xue. Mume wake alikuwa amefia shimoni. Picha yake ilikuwa moja tu, nayo ilipigwa akitoka zamu, uso mzima makaa, macho na meno tu ndiyo yanaonekana. Mama Xue akasema, "Binti yangu, nisafishie mume wangu."

Suzhen alifanya kazi ile siku nne. Alitoa makaa kwa brashi, tone kwa tone. Akamtengenezea paji la uso, pua, kidevu. Akampaka mashavu. Mama Xue akaja, akaitazama, akashukuru, akaenda zake. Kesho yake amerudi, analia.

"Huyu ni mzuri sana," akasema. "Lakini huyu hajawahi kurudi nyumbani kwangu kula. Nirudishie makaa yake."

Suzhen akaomba radhi, akachukua brashi arudishe weusi. Mama Xue akamshika mkono. "Subiri. Huyu msafi usimguse. Alikuwa anapenda kujiona hivi, siku za mwaka mpya. Nipe wote wawili."

Nipe wote wawili. Suzhen alikuwa na miaka ishirini na miwili. Baadaye alimwambia binti yake, Geng Liqin, kwamba siku ile alirudi kwenye kiti chake akawa hawezi tena kupaka shavu la mtu bila kujiuliza anamfukuza nani.

Miaka ikaenda. Aliolewa na Geng Dehai, mchomeleaji wa karakana ya mgodi, mtu mpole aliyekuwa akicheka kabla hujamaliza kuhadithia. Wakapata mtoto mmoja, huyo Liqin. Studio ya mji ikafungwa mwaka 1996. Suzhen akafungua yake, chumba kimoja mtaa wa soko, juu ya duka la mbegu. Harusi, vitambulisho, watoto wanaotimiza siku mia moja. Kazi za kawaida.

Mwaka 2001 akaingia Dou Baoshan.

Dou Baoshan mnamjua. Kipande cha mtu. Miaka ishirini shimoni, mabega kama mlango. Alikuja kupiga picha ya kitambulisho. Ukutani palikuwa na vazi la opera, lile la mke wa jenerali, na mikono yake mirefu myeupe na taji la shanga. Watoto wa kike walikuwa wakilivaa kwa picha. Baoshan akalitazama, akatazama pembeni, akalitazama tena.

"Unalipenda?" Suzhen akauliza.

"Mimi? Aa! Nashangaa tu vumbi lake."

"Baoshan. Mlango nimeufunga. Ulitaka kuwa nani?"

Yule bwana akautazama mlango. Halafu akaimba. Akiwa amekaa vile vile, kofia ya chuma magotini, akaimba sauti ya mke wa jenerali anayemsubiri mumewe, ile sauti nyembamba ya juu, na hakukosea hata mahali pamoja. Tangu ana miaka saba alikuwa akijifunza kwa kusikiliza redio. Hakuwahi kumwimbia mtu. Chini shimoni ndiko alikoimba, mashine zikinguruma, asisikike.

Suzhen alimpiga picha mbili. Moja na makaa usoni. Moja na taji. Akamwuliza, "Naweza kuziweka dirishani?" Baoshan akasema ndiyo kabla hajajua anasema nini.

Wasikilizaji wapendwa, mnajua mji huu ulivyo. Mpaka saa sita mchana habari imefika shimoni. Kwenye bwalo wakampigia magoti. "Malkia wetu, karibu mkate wa mvuke!" "Malkia, leo nani atakubebea koleo?" Siku tatu. Siku ya nne Baoshan akapanda ngazi za studio, anahema.

"Fundi Kuang, ile picha."

"Niitoe?"

Akasimama dirishani. Chini mtaani walikuwepo wenzake wanne wanamtazama, wanacheka. Naye akawatazama. Kisha akasema, "Isogeze mbele zaidi. Wale wa upande wa soko hawaioni vizuri."

Basi. Kutoka siku ile watu walianza kuja. Na Suzhen akaweka masharti. Hakuna kukodi ndoto. Nguo za ndoto uzishone mwenyewe, au uziazime kwa mtu anayefanya kazi hiyo kweli. Na picha ya kazi ipigwe unapofanyia kazi, siyo studio. Asiyetaka moja, asipige hata moja.

Pang Cuihua, yule muuza tambi za kuchonga kwa kisu, alitaka kuwa jaji. Alishona joho kwa vitambaa vya miavuli mibovu kumi na mmoja. Alipokuwa anapita sokoni amelivaa, mtu mmoja akapiga kelele, "Jaji gani ananuka siki?" Cuihua hakugeuza hata shingo. "Yule atakayekuhukumu wewe," akasema, akaendelea kupanda ngazi.

Mu Shulan, mfagia barabara, alitaka kuwa mwalimu wa hesabu. Aliacha shule na miaka kumi, kaka zake ndio waliosomeshwa. Suzhen akamletea ubao, akaandika hesabu ya mapambo tu, alama alama zile. Shulan akauliza, "Jibu lake nini?" Suzhen akasema hajui, ni ya picha tu. Shulan akaweka chaki chini.

"Basi siyo leo," akasema. "Sitaki kusimama mbele ya hesabu ya uongo."

Akaenda. Alikaa miezi mitano. Mjukuu wake akamfundisha kila akirudi shule. Miezi mitano, wasikilizaji. Aliporudi aliandika ubao mzima kwa mkono wake mwenyewe, mstari baada ya mstari, akapigia mstari jibu. Ndipo akageuka, akasema, "Haya, piga." Nendeni mkaitazame ile picha. Hesabu ni sahihi. Mwalimu wa sekondari ameikagua.

Sasa nije kwenye yale mawili yaliyomfanya ajulikane mbali, na yaliyomgharimu.

La kwanza. Mwaka 2011 alikuja mtu kutoka mji mkubwa, Bwana Ruan, mkusanyaji wa picha. Suti nyeusi, miwani midogo. Alitembea kando ya ukuta taratibu, mikono nyuma. Alikuwa na ahadi ya kitabu kikubwa na maonyesho ng'ambo. Akasema, "Hizi za kazi ni sanaa kubwa. Hii mikono. Huu uchovu. Nazitaka zote. Hizi nyingine, za mavazi, ziache. Zinachekesha, zinaharibu."

Suzhen akamwuliza, "Ulishamwambia Baoshan kwamba anachekesha?"

"Nani?"

"Nikuitie. Yuko hapo chini, na koleo lake."

Bwana Ruan akacheka kidogo, akaona Suzhen hacheki. Akajaribu tena kwa upole. Alisema dunia inataka kuuona ukweli. Suzhen akamjibu, "Unataka kuwaonyesha watu wangu wamechoka tu, kama punda. Zote mbili, au hakuna." Bwana Ruan akaondoka na gari lake, na kile kitabu hakikutoka.

Dehai, mumewe, alikuwa anaumwa kifua wakati ule. Liqin anakumbuka baba yake akisema kutoka kitandani, "Suzhen, umemfukuza tajiri?" Naye akajibu, "Nimemsindikiza tu." Dehai akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Alifariki majira yale ya baridi.

La pili lilikuja mwaka uliofuata, 2012. Mji ukaandaa tamasha. Mwandaaji alikuwa Bwana Qiu Wenbo. Akamfuata Suzhen, akampa ukumbi mzima, watu wauone ukuta wake. Picha jozi sitini na moja. Suzhen na binti yake wakazitundika kwa siku mbili, wakarudi nyumbani.

Asubuhi ya ufunguzi alifika mapema. Akaingia ukumbini. Ukuta umejaa nafasi tupu. Majaji wapo, marubani wapo, malkia yupo, wanang'aa. Makaa hayapo. Ufagio haupo. Kisu cha tambi hakipo. Picha zote za kazi zilikuwa kwenye stoo ya viti, zimeegemezwa, nyuso zimegeuziwa ukuta.

Bwana Qiu akaja mbio. "Dada Kuang, tuelewane. Wageni wanatoka mkoani. Ni sikukuu. Watu wanataka kuuona mji unaota. Nani anataka kuona masizi sikukuu?"

"Hao wanaoota ndio wenye masizi."

"Dada, ni siku moja tu."

"Wenzangu umewageuzia ukuta," Suzhen akasema. "Kama watoto watundu. Baoshan umemgeuzia ukuta. Na Shulan. Hata aibu huna!"

Bwana Qiu akapunguza sauti. Akamkumbusha kwamba ile nyumba yenye studio ina wenyewe, na wenyewe ni jamaa zake, na mkataba unaisha. Suzhen akampa mgongo. Aliburuta ngazi, akapanda, akaanza kuzishusha zile za ndoto. Moja moja. Alikuwa na miaka sitini na moja, jozi sitini na moja, na hakuruhusu mtu amsaidie isipokuwa binti yake.

Liqin ananiambia: "Mimi nilikuwa nalia. Nikamwambia mama, turudi nyumbani, yaishe. Akaniambia, shika huku, fremu itaanguka."

Picha zote alizitoa nje, za stoo na za ukumbini, akaziegemeza kwenye ngazi za mbele. Hakuwa na mpango. Hilo alilikiri mwenyewe baadaye. Alikuwa na hasira tu, na fremu mia moja ishirini na mbili, na upepo wa Machi unauma masikio. Ndipo Pang Cuihua alipopita akienda kuchukua unga. Akauliza nini hiki. Akaambiwa. Cuihua akaenda moja kwa moja kufunga kibanda chake, kibanda ambacho hakikuwahi kufungwa hata siku aliyomzika mama yake, akarudi. Akaokota picha zake mbili. Moja mkono wa kulia, moja wa kushoto. Akasimama kwenye ngazi.

"Ita wengine," akasema.

Wakaitana. Kwa simu, kwa mdomo, kwa mluzi. Kufikia saa nne asubuhi walikuwa arobaini na zaidi. Baoshan alitoka zamu, hakuoga. Kila mmoja na picha zake mbili kifuani. Wakasimama pande zote za ngazi, njia katikati. Wageni wa mkoani wakashuka kwenye magari, na njia ya kuingia ukumbini ilikuwa moja tu, katikati yao. Wakapita polepole. Huwezi kupita haraka mbele ya watu wanaokutazama mara tatu.

Mtoto wa mgeni mmoja akamvuta Baoshan suruali. "Mjomba, wewe ni yupi?"

"Wote wawili," Baoshan akasema. "Na wote wawili wana njaa." Watu wakacheka, hata wageni.

Bwana Qiu akaja mbele ya Mu Shulan. Nadhani alidhani huyo ndiye rahisi, mama mdogo wa mwili, kichwa chini. "Mama, ondokeni kwenye ngazi. Mnazuia watu."

Shulan akainua kichwa. "Ngazi hizi nazifagia mimi kila siku, miaka kumi na minne. Hukuwahi kuniona. Leo nimesimama juu yake, umeniona. Basi nitazame vizuri."

Walisimama mpaka saa kumi jioni. Hakuna aliyeondoka. Ukumbini wageni walikuta misumari.

Ningependa kuwaambia kwamba Suzhen alishinda. Hapana. Mwezi wa tano studio yake ilifungwa. Mkataba haukuongezwa. Akahamishia pazia lake na kamera yake sokoni, kando ya kibanda cha Cuihua, baina ya mvuke wa tambi na pipa la siki. Miaka kumi na moja alifanya kazi pale, jua na theluji. Picha zikahifadhiwa majumbani mwa wenyewe, kila mtu na zake, ndiyo maana ukuta wake leo hauko mahali pamoja. Uko mji mzima. Jozi sitini na moja zikawa mia mbili na kumi na nne.

Na mwaka 2019, mmoja wa waliokuja alikuwa Qiu Wenbo.

Amestaafu. Amezeeka. Alisimama kwenye foleni ya tambi kwanza, akala, akafuta mdomo, akasogea. "Dada Kuang. Nimekuja kupigwa."

Cuihua akashika kisu chake. Suzhen akamwambia Cuihua aendelee na tambi. "Ulitaka kuwa nani?" akamwuliza Qiu, kama anavyowauliza wote.

"Mfuga nyuki," akasema. "Babu yangu alikuwa na mizinga."

"Vizuri. Na ya kazi tutaipigia kwenye ile stoo ya viti."

Qiu akaelewa. Akaondoka bila kuaga. Baada ya siku tatu akarudi na ufunguo wa ile stoo, ameuomba kwa mlinzi. Alipigwa pale, amesimama kati ya viti vilivyopangwa, mgongo kwenye ule ukuta. Macho yake kwenye picha ile siwezi kuyaeleza redioni. Halafu akapigwa na mizinga, na alikuwa anacheka.

Liqin alimwuliza mama yake jioni ile, "Kwa hiyo umemsamehe?"

"Sijamsamehe. Nimempiga picha. Ni vitu viwili."

Mikono yake ilianza kutetemeka mwaka juzi. Akawa anapanga kila kitu, halafu anamwambia anayepigwa abonyeze mwenyewe kwa waya. Vuli iliyopita akalazwa. Figo. Hata wodini aliwachokoza wauguzi kwa lile swali lake. Daktari mmoja kijana amesema aliulizwa akiwa ameshika sindano, na akajikuta amemjibu.

Liqin alikuwa na jambo moja linamsumbua. Mama yake hakuwa na picha. Mtu aliyepiga picha mji mzima, yeye hana hata moja isipokuwa ya kitambulisho. Na kwa mila yetu jeneza haliwezi kuondoka bila picha mbele. Basi alikuja wodini na ile kamera ya zamani. Yote yaliyofuata nimeambiwa na yeye.

"Mama, leo ni zamu yako. Picha mbili. Niambie, ulitaka kuwa nani?"

Suzhen akamtazama. "Hii hii," akasema.

"Hii ipi?"

"Hii kazi. Piga moja tu."

Liqin akakasirika. Alikuwa amechoka, amekaa wodini wiki tatu. "Mama, usinitanie. Studio wamekunyang'anya. Kitabu ulikikataa. Miaka kumi na moja umekaa kwenye mvuke wa tambi, mikono inatetemeka. Ndiyo ndoto hii?"

"Ndiyo hii. Nani alikwambia ndoto haiumi?" Halafu akakunja uso. "Na shusha hicho kiwiko! Unashika kamera kama sufuria ya moto!"

Liqin akabonyeza hapo hapo.

Ndiyo picha iliyotangulia jeneza Jumamosi. Mmeiona. Nywele zimesimama, bomba la dawa puani, mdomo uko wazi, kidole kimenyooshwa, anafoka. Shemeji mmoja wa marehemu alilalamika mbele ya watu, akasema ni aibu, angalau fundi asafishe lile bomba, alainishe uso kidogo, siku hizi ni dakika moja tu kwenye kompyuta. Liqin akavaa kitambaa chake cheupe cha msiba, akaikumbatia ile picha. "Atakayeigusa," akasema, "nitamtoa nje ya msiba huu."

Hakuna aliyeigusa.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote wa redio hii, tunampa pole Geng Liqin, mumewe na mtoto wao. Tunawapa pole ndugu wa ukoo wa Kuang na wa Geng. Tunawapa pole Mama Pang Cuihua, Mama Mu Shulan na Mzee Dou Baoshan, ambao hawakuzaliwa naye lakini walisimama naye.

Nanyi mlio na picha zake majumbani, jozi mia mbili na kumi na nne, nina ombi. Najua wapo walioificha moja. Wengine wameificha ya makaa, wachumba wa watoto wasiione. Wengine wameificha ya ndoto, wasichekwe. Leo jioni, kabla ya chakula, itoeni. Iwekeni ukutani kando ya mwenzake. Mgeni akiuliza yupi ni wewe, mjibuni. Na akitaka kuichukua moja, mwonyesheni mlango.